Kusakinisha Android-x86 kwenye kompyuta iliyochoka: mwongozo kwa wenye kompyuta na mafundi wa Kigoma

Kompyuta nyingi tunazotumia hapa Kigoma, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Ujiji na Kasulu, zilitufikia zikiwa zimeshatumiwa na watu wengine. Husafiri kwa treni au basi kutoka Dar es Salaam zikiwa na RAM ya GB 2 au GB 4, diski ya kuzunguka, na Windows inayochukua dakika kadhaa kabla ya kumruhusu mtu kufungua chochote. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai RAM isiyopungua GB 4 pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine za zamani hazina. Kwa hiyo mwenye kompyuta ya namna hiyo hubaki akijiuliza kama aitupe, aiuze kwa bei ya vipuri, au aitafutie mfumo endeshi mwingine.

Mwongozo huu unahusu njia moja ya kuipa kompyuta hiyo kazi mpya, nayo ni kuisakinishia Android-x86, mfumo wa simu ulio na chanzo huria na uliorekebishwa ili uendeshe kompyuta za kawaida. Nimeifanya kazi hii mara nyingi, na nimejifunza kwamba sehemu yake ngumu si kubonyeza vitufe. Ugumu uko kwenye maandalizi, na kwenye skrini moja tu ya usakinishaji ambayo ukiikosea utafuta vitu visivyorudi. Hatua zote za kabla ya skrini hiyo unaweza kuzirudia au kuziachia njiani bila hasara, na ndiyo maana nimezieleza kwa kirefu kuliko zinazoifuata.

Mfumo wenyewe na mashine inayoufaa

Simu nyingi hutumia prosesa za jamii ya ARM, ilhali kompyuta zetu hutumia prosesa za Intel au AMD za jamii ya x86. Amri ambazo prosesa ya jamii moja inazielewa haziwi na maana kwa nyingine, na kwa sababu hiyo huwezi kuchukua Android ya simu na kuinakili kwenye kompyuta ikafanya kazi. Google huuchapisha msimbo wa msingi wa Android chini ya leseni ya Apache 2.0, na keneli ya Linux (kiini cha mfumo) iliyo ndani yake iko chini ya leseni ya GPL. Kwa kuwa leseni hizo zinamruhusu mtu yeyote kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuusambaza, mwaka 2009 ulianzishwa mradi wa Android-x86, ambao umeongozwa kwa miaka mingi na Chih-Wei Huang wa Taiwan, kwa lengo la kuifanya Android izungumze na vifaa vya kompyuta za kawaida. Hulipii chochote kuupata, na hakuna namba ya siri ya kununua.

Toleo ninalolitumia hapa ni 9.0-r2, lililotolewa Machi 2020 likiwa na Android 9 na keneli ya Linux 4.19. Ni toleo la zamani, na jambo hilo lina faida yake na hasara yake. Faida ni kwamba linaendana na umri wa mashine zetu. Hasara ni kwamba Google haitoi tena masahihisho ya usalama ya Android 9, kwa hiyo kompyuta hiyo usiitumie kwa huduma za benki, kutuma fedha, wala kuhifadhi nywila za mambo mazito. Itumie kusomea vitabu, kuwafundishia watoto, kutazama video, kusikiliza Kurani au nyimbo za kwaya, na kuandika maandishi mepesi. Mwenye kompyuta ya miaka ya karibuni na anayetaka Android mpya zaidi aangalie Bliss OS, mradi uliojengwa juu ya msingi huu huu; hatua zake zinafanana kwa sehemu kubwa na hizi. Naye anayehitaji kompyuta kwa kazi za ofisi, kama vile majedwali makubwa na barua za kuchapisha, atahudumiwa vizuri zaidi na Linux ya kawaida kuliko Android, na ninamshauri asilazimishe.

Kabla ya kupakua chochote, angalia prosesa yako. Android ya biti 64 inadai prosesa yenye seti ya amri iitwayo SSE4.2, ambayo kompyuta za Core 2 Duo hazina. Ukiiwekea mashine ya namna hiyo faili la biti 64, inaweza kukwama kwenye skrini nyeusi, nawe ukadhani flashi ni mbovu. Mashine za Core i3, i5 na i7 zinalo jambo hilo na zitapokea biti 64 bila shida. Kwa Core 2 Duo chukua faili la biti 32. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha usome mstari unaotaja prosesa.

Kupakua na kuhakiki faili

Faili la biti 64 linaitwa android-x86_64-9.0-r2.iso na lina ukubwa wa karibu MB 900, na lile la biti 32 ni android-x86-9.0-r2.iso, ambalo ni dogo kidogo. Anzia kwenye tovuti ya mradi wenyewe, android-x86.org, na ufuate viungo vyake vya kupakulia. Usilichukue kwenye flashi ya mtu usiyejua alilipata wapi. Kwa intaneti yetu, upakuaji wa ukubwa huo ni afadhali ufanywe usiku kwa bando la usiku, na kwa programu ya kupakulia inayoweza kuendelea pale ilipoishia mtandao unapokatika.

Upakuaji ukikamilika, hakiki faili. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa na matunda, lakini faili lililokatika katikati husababisha makosa ambayo hujitokeza baadaye kabisa, wakati ambapo hutakumbuka tena kulishuku. Kwenye Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili hilo na uandike:

certutil -hashfile android-x86_64-9.0-r2.iso SHA256

Linganisha mfululizo wa herufi na tarakimu utakaotokea na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Ikiwa ukurasa umetoa SHA1, badilisha neno la mwisho la amri liwe SHA1. Herufi moja ikitofautiana, faili halifai, nawe pakua upya.

Kuandaa flashi

Flashi ya GB 4 inatosha, ila ya GB 8 ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi madukani. Kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo hamisha picha na nyimbo zako kwanza. Programu ya Rufus, ambayo nayo ni ya chanzo huria na haihitaji kusakinishwa, ndiyo rahisi kuliko zote kwenye Windows: ifungue, chagua flashi, chagua faili la ISO ulilopakua, kisha bonyeza kitufe cha kuanza. Ikikuuliza kama iandike kwa njia ya ISO au ya DD, anza na ya ISO. Mashine ikikataa kuanza kwa flashi hiyo, rudia kwa DD.

Kwa anayetumia Linux, amri ya dd inatosha, lakini hakikisha kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, kwamba jina unaloliandika ni la flashi, kwa sababu dd haiulizi mara mbili:

sudo dd if=android-x86_64-9.0-r2.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Herufi X uibadilishe iwe ile ya flashi yako. Fanya hatua hii na zote zinazofuata kompyuta ikiwa na betri nzima au imeunganishwa kwenye UPS. Umeme ukikatika wakati wa kuandika flashi utapoteza dakika kumi tu, lakini ukikatika wakati wa kugawa diski unaweza kupoteza diski yote.

Kuiandaa kompyuta yenyewe

Ikiwa unataka kubaki na Windows kando ya Android, kuna mambo matatu ya kufanya ukiwa bado ndani ya Windows. La kwanza ni kunakili kila kilicho muhimu kwenye diski ya nje, na ninaposema kila kilicho muhimu nina maana ya picha za familia, hesabu za biashara, mitihani, na nyaraka za viwanja. La pili ni kuangalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wa kurejeshea na uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), kwa sababu kubadilisha mpangilio wa Secure Boot (kinga inayozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka) kunaweza kuifanya Windows ikudai ufunguo huo wa tarakimu 48, na bila huo hutaingia. La tatu ni kuzima Fast Startup kwenye mipangilio ya nishati, ili Windows inapozimwa iwe imezima kabisa na isiache diski katika hali ya kulala.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management, chagua patisheni (sehemu ya diski) kubwa yenye nafasi, na uipunguze kwa Shrink Volume. Nafasi ya GB 32 inafaa sana, ingawa GB 16 zinaweza kutosha kwa mtu asiyehifadhi video. Iache nafasi hiyo bila kuipa jina wala herufi. Kisha chukua kalamu uandike ukubwa wa kila patisheni inayoonekana pale, kwa mpangilio wake. Karatasi hiyo utaihitaji sana baadaye.

Sasa zima kompyuta, iwashe tena, na uingie BIOS. Mara nyingi ni kwa F2 au Delete, na kwa HP ni Esc kisha F10. Humo zima Secure Boot, kwa sababu Android-x86 mara nyingi hukataliwa ikiwa imewashwa. Ikiwa Windows yako iko kwenye UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), usibadilishe kwenda Legacy (njia ya zamani), kwani Windows haitawaka tena hadi urudishe. Hifadhi na utoke.

Kujaribu bila kusakinisha

Chomeka flashi, washa kompyuta, na ufungue menyu ya kuchagua kifaa cha kuanzia: F12 kwa Dell na kwa Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Chagua flashi. Menyu ya Android-x86 ikitokea, chagua mstari unaoanza na ‘Live CD’, ambao huendesha mfumo kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski.

Ninaomba sana hatua hii isirukwe. Mashine mbili za kampuni moja na zenye jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi, moja ikafanya kazi na nyingine ikakataa, na hakuna orodha itakayokueleza hilo kwa uhakika kama nusu saa ya kujaribu. Kwa uzoefu wangu kadi za Intel na Atheros hukubali, na za Broadcom ndizo zinazosumbua mara kwa mara. Skrini za mipangilio ya mwanzo zikikuuliza kuhusu mtandao, unaweza kuliruka swali hilo na kuunganisha baadaye. Kisha jaribu kila kitu: sauti, kipanya cha mguso, mwanga wa skrini, kamera, na hasa kulala na kuamka. Funga kifuniko, subiri dakika mbili, kisha kifungue. Mashine kadhaa hulala vizuri na kukataa kuamka, na ni heri kulijua hilo leo. Kumbuka pia kwamba katika hali hii kila unachokifanya kinakaa kwenye RAM na kinapotea unapozima, na kwamba kasi utakayoiona ni ya chini kuliko ile ya mfumo uliosakinishwa.

Ikiwa skrini itabaki nyeusi au maandishi ya ANDROID yatamweka bila mwisho, zima na urudi kwenye menyu. Jaribu chaguo la VESA (hali ya picha ya msingi isiyotegemea kadi ya picha), ambalo kwa mashine za UEFI limo ndani ya ‘Advanced options’. Unaweza pia kusimama juu ya mstari wa Live CD, ukabonyeza herufi e, au Tab kwa mashine za Legacy, ukaongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari wa keneli, kisha ukaendelea. VESA huthibitisha kwamba tatizo liko kwenye picha, lakini si suluhisho la kudumu, kwani prosesa hulazimika kufanya kazi ya kadi ya picha na kila kitu hukokota. Kama VESA ndiyo njia pekee inayowasha mashine yako, ushauri wangu ni kuiacha Android.

Skrini ya patisheni

Ukiridhika na majaribio, anza upya na uchague mstari wa ‘Installation’. Skrini ya bluu itakuonyesha orodha ya patisheni: sda1, sda2, sda3 na kuendelea, au nvme0n1p1 na wenzake kwa diski za NVMe. Flashi yako nayo itaonekana, kwa kawaida kama sdb1.

Hapa ndipo mahali nilipokosea miaka ya mwanzo. Nilikuwa nikimfanyia mwalimu mmoja wa Ujiji, nikaona sda3 na nikaamini kwamba ndiyo ile tuliyoiandaa, kwa sababu kwenye mashine iliyotangulia ilikuwa sda3. Kwake sda3 ilikuwa na mitihani na picha za mazishi ya mama yake. Mitihani aliitunga upya, lakini picha hazikupatikana. Tangu siku ile sichagui patisheni kwa jina. Naichagua kwa ukubwa, nikiulinganisha na karatasi niliyoiandika Windows ikiwa bado inawaka, na mwenye mashine akiwa amekaa kando yangu akisoma namba zilezile kwa sauti.

Nafasi uliyoiacha wazi haitaonekana kwenye orodha hadi uitengenezee patisheni. Chagua ‘Create/Modify partitions’. Utaulizwa kama unataka GPT (mpangilio mpya wa kugawa diski; wa zamani ni MBR): kwa mashine yenye Windows ya UEFI jibu ni ndiyo, na kwa mashine ya Legacy yenye MBR jibu ni hapana. Katika programu itakayofunguka, shuka hadi kwenye nafasi isiyotumika, chagua New, kubali ukubwa wote, kisha Write, na uandike yes kwa ukamilifu wake. Ukisita hata kidogo kabla ya Write, chagua Quit, na hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Ukirudi kwenye orodha, chagua patisheni mpya, kisha muundo wa ext4. Usichague NTFS wala FAT32, hata kama unazifahamu zaidi, kwa sababu kwenye miundo hiyo data za Android hufungiwa ndani ya faili moja lenye ukubwa usiobadilika, nalo likijaa huna pa kwenda. Kubali kuifomati. Kubali pia kusakinisha GRUB, au EFI GRUB2 kwa mashine za UEFI, kwani ndiyo itakayokupa menyu ya kuchagua Android. Ukiulizwa kama folda ya system iwe ya kuandikika, jibu hapana, isipokuwa una mpango wa kurekebisha mafaili ya ndani ya mfumo.

Kwa mashine isiyo na kitu cha kuhifadhi, ndani ya ‘Advanced options’ kuna chaguo la usakinishaji wa kujiendesha linaloigawa diski lenyewe. Ni rahisi na halikosei, lakini linafuta diski nzima ikiwemo Windows, kwa hiyo litumie tu pale mwenye mashine amekubali hivyo kwa maneno yasiyo na utata.

Baada ya kuwasha mara ya kwanza

Toa flashi na uwashe upya. Mara ya kwanza huchukua dakika chache. Chagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha, kwani Android inacho. Weka saa za Afrika Mashariki. Ukiulizwa kuhusu skrini ya nyumbani, Taskbar inafaa zaidi kwa kompyuta, kwa kuwa hufungua programu kwenye madirisha na kuziweka kwenye mstari wa chini kama Windows. Kitufe cha Windows hukurudisha nyumbani, Esc hukurudisha nyuma, na skrini ikikwama, Alt na F1 hufungua dirisha la amri huku Alt na F7 zikikurudisha kwenye Android.

Programu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya ARM na zitakataa kufunguka. Ingia kwenye mipangilio, tafuta Android-x86 options, na uwashe native bridge, ambayo hutafsiri amri za ARM ziwe za x86. Huipakua sehemu yake kwenye intaneti, kwa hiyo hakikisha bando lipo. Tafsiri hiyo hupunguza kasi, na michezo mizito haitachezeka. Kwa programu zenye chanzo huria, duka la F-Droid linakidhi mahitaji mengi ya usomaji, uandishi na muziki bila kudai akaunti yoyote. Mashine iliyoshindwa kuamka wakati wa majaribio iwekee muda mrefu wa skrini kuzima, na umfundishe mtumiaji kuizima kabisa badala ya kufunga kifuniko.

Kuiondoa

Ikiwa umeamua kurudi kwenye Windows pekee, kwa mashine ya UEFI anza kwa kuingia BIOS na kuiweka Windows Boot Manager mbele katika mpangilio wa kuanzia, kisha fungua Disk Management, ufute patisheni ya Android ukilinganisha ukubwa wake kama ulivyofanya awali, na urefushe ya Windows ili ichukue nafasi hiyo. Kwa mashine ya Legacy usifute patisheni hiyo kwanza, kwa sababu menyu ya GRUB inaitegemea. Washa kompyuta kwa flashi ya usakinishaji ya Windows, fungua dirisha la amri katika sehemu ya matengenezo, andika bootrec /fixmbr, uwashe upya uone kwamba Windows inaingia moja kwa moja, na baada ya hapo ndipo uifute.